Ufizi wa Bunafsha

Atirau, 14 Aprili

Mdogo wangu Bunafsha,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kila nikiinama. Tumeanza jengo jipya karibu na mto, ghorofa tisa, na mchanga wa huku hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya chai. Tunalala kumi na wawili chumba kimoja. Karim wa kijiji cha Yori anakoroma kama mashine ya zege, nadhani ndiyo sababu mkewe hajawahi kulalamika kwamba yuko mbali.

Jumapili nilipiga simu nyumbani. Nikamwuliza Mama uko wapi, akasema unakamua ng'ombe. Jumapili ya kabla ya hiyo ulikuwa unakamua ng'ombe. Tangu msimu wa kuangua jozi, njugu zetu za mitini, ulipoisha unakamua ng'ombe. Tunaye ng'ombe mmoja, Bunafsha, na hana maziwa ya kiasi hicho. Kama umenikasirikia, niandikie kosa langu. Dereva Hikmat hupita Panjakent kila baada ya wiki tatu na barua hazipotezi.

Kuhusu jino lako. Najua ule ufito wa kuangulia jozi ulikurudia mdomoni na jino la mbele likang'oka na mzizi wake. Hilo Mama aliniambia zamani. Jipya aliloniambia ni kwamba fundi wa meno Qurbon atapita kijijini na mkoba wake mwisho wa mwezi, na kwamba yeye na Shangazi Sabohat wameshakubaliana naye: atayasugua meno mawili ya jirani na pengo, halafu avalishe matatu ya dhahabu yaliyoshikana.

Usikubali. Nakuomba kama kaka, na kwa kuwa baba hayupo, nakukataza pia. Meno yale mawili ni mazima. Mwambie Qurbon kwamba akikugusa nitarudi kwa miguu.

Nenda Khujand kwa Daktari Vohidova. Nilipiga lipu kwenye zahanati yake kabla sijaja huku. Ni mwanamke mkali, alinifanya nibomoe kona moja mara mbili kwa sababu haikunyooka. Mtu anayeona kona ile ataona mdomo wako. Yeye anapandikiza: anatia skrubu ndani ya mfupa, na jino linasimama lenyewe, halimwegemei mwenzake. Gharama niachie.

Andika.

Kaka yako,
Nusratullo

*

Kijijini, 2 Mei

Kaka Nusratullo,

Sijakukasirikia. Sikamui ng'ombe. Nakaa pale pale pembeni ya Mama akiongea na wewe, nasikia kila neno, na ninamfinya akitaka kunipa simu.

Sababu ni sauti. Pengo linapiga mluzi. Nikisema neno lenye s, upepo unatoka kama birika. Sikutaka uisikie ukiwa huko mbali, ukabaki nayo kichwani. Kwenye karatasi sipigi mluzi, kwa hiyo tuandikiane.

Jambo zito ni shule. Februari nilikuwa nawafundisha darasa la kwanza herufi, na mwalimu mkuu Marufov akapita kwenye korido. Watoto thelathini na moja walikuwa wanasoma kwa sauti, na wote thelathini na moja wanapiga mluzi. Walidhani ndivyo herufi inavyosomwa. Aliniita ofisini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema, "Binti yangu, mtoto wa darasa la kwanza hajifunzi kitabuni, anajifunza mdomoni mwa mwalimu." Akanitoa darasani, akaniweka stoo ya vitabu. Septemba nikiwa na jino, darasa la kwanza ni langu. Nisipokuwa nalo, anapewa binti wa Hamro, na mimi nabaki na panya wa stoo.

Kwa hiyo sikuwa na haja ya kukatazwa. Qurbon alipokuja nilipanda juu kwenye dari ya nyasi za ng'ombe nikakaa huko mpaka alipomaliza chai na kuondoka. Shangazi aliniita mpaka akapoteza sauti. Anasema dhahabu mdomoni ni heshima, na kwamba wewe umeanza kujiona Mrusi.

Nilikwenda Khujand. Shangazi alinisindikiza, maana msichana haendi peke yake, na akaingia mpaka ndani, akaketi kwenye kiti cha pembeni na chupa yake ya chai. Daktari ni kama ulivyosema. Kwanza hakutazama pengo. Aliniambia nizungumze, nimweleze njia tuliyopita, na yeye anatazama midomo. Shangazi akasema, "Daktari, shimo lenyewe ni lile pale, mbona unatazama kwingine?" Daktari akamjibu, "Shimo halikimbii, mama."

Alichukua umbo la meno yangu kwa udongo fulani wa waridi wenye ladha ya mnanaa. Alipiga picha za uso na picha za mfupa. Halafu akachukua kijiti chembamba cha chuma, akakipenyeza taratibu kati ya ufizi na jino la jirani, akasogeza taa. Akasema, "Nakiona." Chuma kilikuwa ndani ya ufizi na rangi yake ya kijivu ilionekana kwa nje. Anasema kuna watu wenye ufizi mnene kama ngozi ya kiatu, na kuna sisi wenye ufizi kama ganda la kitunguu. Wa kwetu unapanda na kushuka kama vilima kati ya jino na jino, unapendeza, lakini ukiudhiwa kidogo unarudi nyuma na haurudi tena mahali pake.

Pia jino jirani la kushoto limeanza kuegemea pengo. Daktari analisukuma kwa waya mdogo mpaka Juni, ili nafasi iwe sawa na ya jino lenyewe. Nilimwuliza atatia skrubu lini. Akasema hajui, kwanza lazima atengeneze jino.

Nimeshangaa. Jino kabla ya skrubu?

Mdogo wako,
Bunafsha

*

Atirau, 19 Mei

Bunafsha,

Basi sina deni la kumwomba ng'ombe msamaha.

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya nne niliwasomea wenzangu ile sehemu ya watoto thelathini na moja. Karim alicheka mpaka akanyamaza kukoroma usiku ule.

Kuhusu jino kabla ya skrubu, hilo mimi nalielewa kuliko mtu yeyote, hata kama shule niliiacha darasa la nane. Mwaka jana tulijenga nyumba ya tajiri mmoja, vyumba vya kuogea sita. Fundi bomba alikuwa na haraka, akatoa mabomba ukutani kabla ya mtu yeyote kupima vigae, sinki na bomba la maji lenyewe. Vigae vilipokuja, bomba moja lilitokea pembeni ya sinki, likamwaga maji sakafuni. Moja lilitokea mbele mno, mtu akinawa anaumia vidole. Tulivunja ukuta wote. Bomba la ukutani linafuata sinki. Kwanza unajua maji yatamwagika wapi, ndipo unarudi nyuma kutafuta pa kutobolea.

Kwa hiyo akitengeneza jino la nta, akalijaribu mdomoni mwako, akaona urefu wake na mahali linapogusa mdomo, ndipo atajua skrubu iingie wapi. Ikija mbele mno, ufizi wenu huo wa kitunguu utakimbia. Sijui udaktari, najua ukuta.

Ila kuna jambo linanisumbua. Umeandika alikwambia uzungumze. Je, alikwambia ucheke?

Nusratullo

*

Kijijini, 8 Juni

Kaka,

Umeuliza, nami nakujibu ukweli kwa sababu wewe hata ningekudanganya ungejua.

Tulikwenda tena Khujand. Jino la nta lilikuwa tayari. Daktari aliliweka kwenye pengo, akanipa kioo. Nilijiona. Shangazi, unamjua, akaanza kulia na kumlaumu daktari kwamba kwa nini hakuanza na hilo.

Halafu daktari akasema, "Sasa cheka tuone." Nikacheka kama tunavyocheka mbele ya wakubwa, midomo imefungwa nusu, na mkono ukapanda wenyewe. Akaushusha mkono wangu taratibu. "Tena." Nikafanya vile vile. Akapima kwa rula ndogo. Akauliza, "Ukicheka sana ufizi wa juu huonekana?" Shangazi akajibu kabla yangu: "Daktari, huyu ni msichana wa nyumba ya watu. Hajawahi kumwonyesha mtu ufizi wake." Daktari akanitazama mimi. Nikasema hapana, hauonekani.

Usiruke. Soma mpaka mwisho.

Alisema hivi. Ufizi ni mwembamba, na mfupa wa mbele umelika kidogo tangu jino litoke. Kama ningekuwa mtu ambaye mdomo wake unapanda akicheka, asingetia skrubu sasa. Angechukua kwanza kipande cha nyama kutoka kwenye kaakaa, akakishona mbele ili ufizi unenepe, angojee upone, ndipo skrubu, ndipo angojee tena, ndipo jino. Mpaka majira ya kuchipua mwaka ujao. Lakini kwa kuwa mdomo wangu unafunika ufizi, hata ukirudi nyuma kidogo au ukaonyesha kijivu, hakuna atakayeona. Kwa hiyo anaweza kutia skrubu tarehe ishirini Julai na kuweka jino la muda siku hiyo hiyo.

Julai, Kaka. Septemba nasimama mbele ya darasa na jino lisilotoka.

Unajua ninavyocheka. Ni wewe, Mama na marehemu Bibi tu mnaokumbuka. Nimeishi miaka kumi na minne na mkono mdomoni, nitaishi hamsini mingine. Si shida. Wanawake wote wa kijiji hiki wanaishi hivyo.

Nyamaza tu. Sikuombi kingine.

Bunafsha

*

Atirau, 24 Juni

Kwa Daktari Vohidova, Khujand

Heshima nyingi kwako.

Sidhani unanikumbuka. Mimi ndiye niliyepiga lipu chumba chako cha kungojea, yule uliyembomolesha kona mara mbili. Kona ile ilikuwa mbaya, ulikuwa na haki. Bunafsha mwenye pengo la juu kushoto ni mdogo wangu. Barua hii nimempa dereva Hikmat aikabidhi mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Daktari, mdogo wangu amekudanganya. Hakukudanganya kwa ubaya. Umempima mbele ya shangazi yetu, na msichana wa kwetu mbele ya shangazi yake hacheki, anasogeza midomo tu. Ni sawa na kumpima mtu urefu akiwa amepiga magoti. Ukweli ni kwamba Bunafsha akicheka kicheko chake, mdomo wa juu unapanda mpaka karibu na pua, na ufizi unaonekana wote, mwekundu, kutoka pembe hadi pembe.

Nitakueleza nilivyouona. Alikuwa na miaka kumi. Mjomba Hoshim alikuja kwetu kuleta posa ya mwanawe kwa binamu yetu aliyekuwa anakaa nasi. Alivaa joho jipya la kusherehekea, amejinyoosha kama gavana. Mama alikuwa ameumua unga wa mkate kwenye beseni kubwa, ameufunika kwa magodoro mawili mahali pa juu karibu na joto. Mjomba akaingia, akatafuta mahali pa heshima, akaona pale palipoinuka na palipo laini. Akaketi. Akazama. Akaendelea na hotuba ya posa huku anashuka taratibu, na unga unapanda pande zote mbili za joho, na kwa heshima hakuna aliyethubutu kumwambia. Alipofika kwenye "familia yetu imesimama imara," Bunafsha alicheka. Alicheka mpaka akaanguka mlangoni na kitambaa kikatoka. Bibi alimchukua nje akamwambia ufizi wa msichana si wa kuonyeshwa wageni. Tangu siku ile ana mkono mdomoni.

Sasa anataka kuishi na mkono huo maisha yake yote ili awahi Septemba. Shule wamempa muda mpaka hapo, bila jino hapewi darasa.

Mimi nitakwambia jambo ambalo nyumbani hawalijui. Miaka sita iliyopita nilikuwa na haraka kama yeye. Nilikuwa na pengo moja, fundi wa mkoba akasugua meno mawili mazima akanivika dhahabu. Yalioza chini yake. Nimeng'olewa yote mawili hapa Atirau, natafuna upande mmoja, na nimefuga masharubu marefu nikasema ni mtindo. Kwa hiyo naandika nikijua ninachokisema.

Fanya unavyoona sawa. Ila mpime akicheka.

Nusratullo, fundi lipu

*

Khujand, 11 Julai

Ndugu Nusratullo,

Nakukumbuka. Kona yako ya mara ya tatu bado imenyooka.

Barua yako imenitia aibu, na nimeistahili. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Kwa kila mgonjwa wa jino la mbele mimi hupima vitu vile vile: mdomo unapanda wapi, ufizi ni mnene au mwembamba, vilima vya ufizi kati ya meno vimesimama au vimeanguka, mfupa wa nje umebaki kiasi gani, jino litakaa wapi. Cha kwanza katika orodha ndicho kinachoamua vingine vyote, na hicho ndicho nilichokipima mbele ya shangazi. Hata mimi ni binti wa watu. Mama mkwe wangu akiwa mezani sijawahi kucheka na meno yangu. Ningepaswa kujua.

Bunafsha alikuja tarehe tisa kwa ukaguzi wa mwisho. Nilimwomba shangazi yenu aende kuangalia vitambaa duka la jirani, nikamwambia wana bei nzuri. Aliondoka bila kuaga. Nilifunga mlango, nikamwambia Bunafsha nina barua ya mtu aliyewahi kunipigia lipu, nimsomee kidogo. Sikumwambia ni nani. Nilianza na joho la Mjomba Hoshim.

Alijitahidi. Aliuma mdomo mpaka "familia yetu imesimama imara." Hapo alishindwa. Alicheka akiwa amelala kwenye kiti changu, mikono yote miwili imeshika tumbo, na mimi nilikuwa na kamera. Ufizi ulionekana milimita nne juu ya meno. Kwa mdomo wa namna hiyo na ufizi mwembamba vile, kutia skrubu mwezi huu kungekuwa kosa, na lingeonekana kila siku ya maisha yake anapofurahi.

Nilimwonyesha picha. Nilimweleza mpango mrefu. Aliuliza jambo moja tu: "Nani alikuandikia?" Akalijibu mwenyewe. Alivaa viatu, akatoka. Miadi ya tarehe ishirini nimeifuta. Kama atarudi kwa ule mpango mwingine, sijui. Mlango wangu haujafungwa.

Masharubu yako niyaone ukirudi.

Dkt. O. Vohidova

*

Kijijini, 13 Julai

Nusratullo,

Nilikuomba neno moja, unyamaze.

Binti wa Hamro ameshashonewa nguo ya siku ya kwanza. Ameniletea niitazame.

Bunafsha

*

Atirau, 4 Agosti

Bunafsha,

Nimengoja nione kama hasira yako itapungua ndipo niandike, lakini Hikmat anaondoka leo na sitaki apite mikono mitupu.

Sitasema sikukosa. Nilikuvunjia neno. Lakini nikirudishwa tarehe ile ile nitaandika barua ile ile, hivyo sitakuomba msamaha wa uongo.

Wiki iliyopita walituleta kukarabati jengo lililojengwa miaka minane tu iliyopita. Ukutani kuna mistari ya kahawia, kama machozi ya kutu, kutoka juu mpaka chini. Tulibomoa kidogo. Nondo zote nzima, zege zima, ila fundi aliziweka nondo karibu mno na uso wa ukuta. Zege la kuzifunika lilikuwa unene wa kidole cha mtoto. Alitaka kumaliza kabla ya baridi, na alimaliza. Sasa kila mpita njia anaona kilichomo ndani, na kukirekebisha ni kazi mara tatu ya kukijenga. Nilisimama pale na tindo mkononi nikawaza ufizi wako. Wenzangu walidhani nimeishiwa nguvu.

Kuna jambo jingine, daktari nimeshamwambia, nawe ulijue kutoka kwangu. Masharubu haya si mtindo. Zile dhahabu zangu za Qurbon hazipo, na meno yaliyokuwa chini yake hayapo. Naloweka mkate kwenye chai kama mzee. Nilipokukataza kwa ukali ule sikuwa najidai. Ndiyo sababu pia picha zote ninazotuma nimenuna.

Marufov alikwambia mtoto anajifunza mdomoni mwa mwalimu. Nimelifikiria sana neno hilo nikiwa juu ya jukwaa. Mwalimu mwenye mkono mdomoni atawafundisha nini? Wewe ulifikiri utaficha ufizi tu. Watoto wale wangejifunza mkono kabla ya herufi.

Mwendee Marufov. Usimwendee kuomba. Mwendee na karatasi ya daktari, mwambie kazi itaisha majira ya kuchipua na darasa unalitaka sasa. Akikataa, umekataliwa umesimama.

Usiponijibu nitaendelea kuandika, unanijua.

Nusratullo

*

Kijijini, 17 Oktoba

Kaka,

Usidhani nimenyamaza kwa sababu ya hasira tu. Hasira iliisha Agosti, siku niliyomwambia Mama kuhusu meno yako. Akasema, "Ndiyo maana alipokuja harusini hakugusa nyama," akaingia jikoni na hakutoka mpaka jioni. Qurbon alipopita mwezi uliopita, Mama hakumpa hata chai. Kwa kijiji hiki hilo ni kama kumpiga jiwe.

Nilimwendea Marufov na karatasi. Aliisoma yote, na picha akaitazama, ile ya kicheko. Akasema, "Mpaka majira ya kuchipua? Wazazi watasema nini?" Nikasema waje wasikilize. Wiki ya kwanza, mlango wazi, anayetaka aketi nyuma. Nisipofaa nitarudi stoo mwenyewe, sihitaji kupelekwa. Alikuna kichwa. Nadhani alikubali kwa sababu hakutegemea ningelisema.

Daktari alinipokea bila neno la zamani. Alinitengenezea jino la kuvaa na kuvua, limeshikwa na kipande cha plastiki kwenye kaakaa, la kunisaidia mpaka kazi iishe. Alinionya litalegea kwa baadhi ya sauti.

Walikuja kina mama saba, na Marufov akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kidevuni. Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye s, jino likalegea na mluzi ukatoka. Darasa zima likapiga mluzi nyuma yangu, kwa adabu kabisa. Kina mama wakatazamana.

Kaka, mkono ulipanda. Niliuona umefika kidevuni. Nikautumia kulitoa jino. Nikalifunga kwenye leso, nikaliweka mezani, nikawaambia watoto: Mwalimu hana jino hapa, mnaona? Kwa hiyo sauti yangu inavuja. Ninyi mna meno, yenu haitavuja. Tazameni ulimi wangu unakwenda wapi, halafu fanyeni yenu. Nikafungua mdomo wote, wakaja mstari mmoja mmoja kutazama. Mmoja aliuliza kama panya wa stoo ndio waliolila. Nilicheka, Kaka, mbele ya kina mama saba na mwalimu mkuu, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika kitabu.

Walisoma herufi ile bila mluzi kabla ya kengele. Wote, isipokuwa wawili ambao wenyewe wameng'oka meno ya utoto.

Kina mama walinisubiri koridoni. Nilijitayarisha kwa maneno. Mke wa muuza mafuta akatazama huku na huku, akainua mdomo wake, akanionyesha dhahabu nne na ufizi wa zambarau juu yake. "Unatoka damu kila asubuhi," akasema. "Huyo daktari wako anapokea siku gani?" Marufov alipita akasema tu, "Ratiba yako iko ukutani." Binti wa Hamro amepewa darasa la pili, na nguo yake imempendeza kweli.

Jumatatu nakwenda Khujand. Daktari atachukua kile kipande cha nyama kwenye kaakaa na kukishona mbele. Ataniwekea skrubu mwezi wa pili, na safari hii amechora mwenyewe kwenye picha ya mfupa itakapoingia, nyuma kidogo, sawasawa na lile jino la nta. Nilitia sahihi mimi. Shangazi atakaa nje, amekubali kwa shida na kwa sharti kwamba apewe kiti chenye mgongo.

Daktari amesema nisizungumze siku tano nikitoka huko. Nimewaandikia watoto ubaoni kazi ya siku tano, ukurasa kwa ukurasa, na Marufov atakaa nao. Siku ya sita nitawasomesha mmoja mmoja kwa sauti, nikiwa nimeketi mbele ya kila mmoja, uso kwa uso. Asiyejua hatapata pa kujificha.

Mdogo wako,
Mwalimu Bunafsha